Unaipelekaje Wembley ya 1985 sebuleni kwako Mbeya

Tuelewane kwanza, hii sio ya mtu wa kuangalia shoo kwenye simu huku kalala, hii ni ya yule anayeipenda Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza, ka mi navyoipenda na kachoka kuipenda peke yake, anataka wenzie nao waione shoo yao kwenye Live Aid, lile tamasha la hisani la 13 Julai 1985 pale Wembley, London, na waondoke wanaisimulia utadhani walikuwepo. Inawezekana kabisa. Na Mbeya ndo pazuri kuliko hata Dar.

Kwanini? Tarehe. Usiihamishe, fanya hiyohiyo 13 Julai, huku kwetu hapo baridi limekolea, watu wa Uyole wanashinda na makoti mchana kutwa, sa ukimwambia mtu njoo ndani tumejaa, kuna chai ya tangawizi na viazi vya kukaanga, nani atakataa. Muda nao ufuate. Queen walipanda jukwaani saa 12 na dakika 41 jioni kwa saa za London, kwetu hiyo ni saa 2 na dakika 41 usiku, we bonyeza dakika hiyohiyo, watu wakae wanaangalia saa. Kuna mtu lazima aulize mbona kwenye video kunawaka jua na we umesema jioni, mwambie kule Julai jua linachelewa kuzama, na ndo uzuri wenyewe: mataa hayana kazi, moshi hamna, mbwembwe za jukwaani hamna, ni Freddie Mercury, mwimbaji wao, na singlendi yake nyeupe na jinzi na kipande cha stendi ya maiki, mbele yake watu kama 72,000 mchana kweupe.

Video tafuta ile kamili ya dakika 21, ishushe siku mbili tatu kabla uiweke kwenye flashi, usithubutu kutegemea bando usiku huo. Projekta kodi, ukikosa tv kubwa inatosha. Shuka la kuonyeshea lipige pasi, makunyanzi yanamharibia Freddie masharubu.

Sasa sauti. Hapa ndo wengi wanapoharibu na mi naomba upoteze nusu siku nzima hapa. Nyumba zetu nyingi ni bati juu na kuta tupu, sauti inagonga inarudi inagongana na nyingine, mwisho unasikia kelele tu. Dawa yake unayo kabatini: mablanketi. Mbeya nyumba gani haina mablanketi? Tundika mawili matatu ukutani, hasa ukuta unaotazamana na spika, yanameza mwangwi na yanazuia upepo wa dirishani, umepata faida mbili. Sabufa usiibane kwenye kona, ikikaa kona inavuma tu vuuu na besi ya John Deacon huipati tena, isogeze mbele hatua mbili afu pima. Na kupima pima kwa shoo yenyewe, sio kwa bongo fleva, bongo fleva imepikwa studio itasikika vizuri hata kwenye kopo, hii imerekodiwa uwanjani hewani. Weka wimbo wao wa Radio Ga Ga, ukisikia maneno ya Freddie yote na ngoma ya Roger Taylor inakugonga kifuani, acha hapohapo usiguse tena. Umeme uwe na mbadala, jenereta ikae nje mbali na dirisha, moshi wake unaua. Na mchana wa siku hiyo pita kwa majirani na kwa mwenyekiti wa mtaa, waambie mpaka saa tatu hivi tutakuwa tumemaliza, ukiwahi kuomba watu wanakuwa waungwana, yani hata wao wanakuja.

Watu gani uwaite? Sio lazima wapenzi wa rock, Mbeya nzima utawapata wangapi. Mi nashauri wazee waliokuwa vijana mwaka 85. Enzi hizo bara hatukuwa na televisheni kabisa, ilikuja 1994, wao walikuwa ni redio tu, kwaiyo Radio Ga Ga, wimbo wa kuipenda redio, unawaingia kuliko unavyomuingia kijana wa leo. Afu ita watu wa kwaya, hata wawili. Hii ni siri kubwa, usiipuuze. Shoo ile haikuwa ya kusikiliza, ilikuwa ya kuitikia, na mtu wa kwaya ya Moravian hawezi kusikia sauti inaachiwa akakaa kimya, ataitikia tu na akishaanza yeye chumba kizima kinafuata.

Kabla hujabonyeza, dakika tano za maelezo, usigeuze darasa. Waambie Freddie kazaliwa Mji Mkongwe Zanzibar, 5 Septemba 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara, familia ikahamia Uingereza 1964. Hapo utasikia "acha uongo" kutoka kila kona, vizuri, wameshaamka. Kama kuna seremala mwambie gitaa la Brian May, mpiga gitaa wa Queen, alilichonga yeye na baba yake nyumbani, shingo yake imetoka kwenye ubao wa zamani wa mahali pa kuotea moto, na anapigia sarafu badala ya kidude cha plastiki. Seremala hatabandua macho kwenye lile gitaa.

Afu toa viti vyote. Kweli vyote, mzee asiyeweza kusimama mwachie kimoja. Fanyeni zoezi: kwenye kiitikio cha Radio Ga Ga mikono juu ya kichwa, makofi mawili. We Will Rock You ni miguu mara mbili kofi moja (ka nyumba ya kupanga na chini tailizi, vueni viatu). Na kile kipande katikati Freddie anaimba eeee-oo bila ala, waambie tu mkiitwa itikeni.

Mwanzoni watakuwa wapole maana anaanza na piano, kipande cha Bohemian Rhapsody, usiwalazimishe. Radio Ga Ga ikiingia we piga makofi yako, usigeuke nyuma kuangalia nani anapiga. Mi usiku ninaoukumbuka zaidi, ile eeee-oo ndefu ilipoachiwa, aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote alikuwa bodaboda nje dirishani anamsubiri abiria wake, Kiingereza hajui na Queen ndo kwanza anawasikia. Tukamfungulia mlango akaingia na helmeti kichwani, akaimba mpaka We Are the Champions, abiria wake naye yumo ndani anaimba.

Saa 3 na dakika 2 imeisha. Watasema rudia. Usirudie! Leta viazi na chai, acha wabishane ule wimbo wa Hammer to Fall ulikuwa mkali au sio. Wakishashiba waonyeshe kipande Freddie na Brian May waliporudi baadaye usiku uleule wawili tu na gitaa, chenyewe waangalie wamekaa, kwaiyo hapo rudisha viti. Na wa Uyole na Iwambi wapangie bajaji mapema, saa nne kwenye baridi lile kituoni utamkuta nani.