Mkeka wa yoga kwa gunia mbili za kahawa

Mkeka wangu wa plastiki ulianza kubanduka vipande vipande nkasema basi, tupo Moshi, magunia ya kahawa hayakosekani, natengeneza mwenyewe. Wa kwanza nilichukua katani, jamani, magoti yaliwasha mpaka usiku.

Kwaiyo anzia kwenye gunia lenyewe. Mtaani kila gunia la nyuzi wanaliita la katani ila mengi ni ya juti. Katani inatoka kwenye jani la mkonge, nyuzi nene, nyeupe nyeupe, zinachoma. Juti inatoka kwenye shina la mmea wa jamii ya mlenda, ndio, mlenda huu tunaolia ugali, na ni ya kahawia na laini zaidi, ndo unayoitaka. Lifinyange mkononi, likigoma kukunjika achana nalo. Kiroba usiguse, hiyo ni plastiki ile ile unayoikimbia.

Loweka mawili usiku kucha na sabuni ya unga, suuza mpaka maji yaache rangi ya chai, anika. Osha KABLA hujakata maana juti inarudi, mkeka wangu wa pili nilikata kwanza nkabaki na saizi ya mtoto.

Usiyapasue, gunia lilivyo lina tabaka mbili tayari. Yaunge kwa urefu, upate kama sentimita 180 kwa 60. Hapo kwenye kiungo usipandishe moja juu ya lingine, ukilala chali utalisikia lile tuta kiunoni muda wote, gusanisha kingo tu alafu shona na sindano ya magunia, au mpe fundi viatu anamaliza fasta. Pembeni kunja mara mbili la sivyo nyuzi zinachomoka.

Juu shonea shuka zito la pamba la mtumba, pale soko la Memorial utapata, kanga ni nyepesi inajikunja. Pamba kavu inateleza, nyunyizia maji kidogo pa kuweka viganja, ukishatoka jasho inashika yenyewe.

Kwenye nyasi umemaliza. Kwenye tailizi sasa mkeka utateleza, shonea chini vipande vya tyubu ya baiskeli, kona zote na katikati. Najua tyubu sio mmea, ila meno nayo unayahitaji.

Usiukunje na jasho, anika kwanza, hasa mwezi wa 6 na wa 7 jua likiadimika, wangu ulitoa madoa meusi ndani ya wiki na harufu ya ghala ipo mpaka leo.