Filamu na Safari kwa Mzazi wa Watoto Wadogo: Namna ya Kuvipanga Bila Kusubiri Wakue

Mtoto wa kwanza anapozaliwa, mambo mawili huondoka mapema katika maisha ya wazazi wengi: filamu ya jioni na safari ya mapumziko. Husemwa kwamba yatarudi watoto wakikua, na kwa kuwa mtoto wa pili na wa tatu hufuata, miaka mingi hupita mzazi akiwa hajatazama hadithi moja hadi mwisho, wala hajalala nje ya mji wake isipokuwa kwa msiba au harusi. Mwongozo huu ni kwa mzazi wa kipato cha kawaida anayeishi Dar es Salaam au mji unaofanana nao, mwenye watoto walio chini ya miaka 6. Msimamo wangu ni kwamba starehe ya mzazi na starehe ya mtoto zitenganishwe, kila moja ipewe saa yake, na usingizi wa mtoto ndio uwe ratiba ambayo mengine yote yanaifuata.

Filamu yako

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka 5, linasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, na wa mwaka 1 hadi 2 saa 11 hadi 14, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Mtoto anayelala saa 2 usiku na kuamka saa 12 asubuhi amepata saa 10, na mzazi anayelala saa 5 usiku amebakiwa na saa 3 ambazo ni zake. Filamu ya kawaida huingia humo na muda ukabaki. Katika nyumba nyingi saa 2 usiku ni saa ya taarifa ya habari, na wakubwa wa nyumba hawapendi runinga iguswe. Kwa hiyo wakati wao wanafuatilia habari, wewe malizia kumlaza mtoto, kisha filamu ianze habari zikiisha.

Filamu ichaguliwe mchana. Wazazi waliochoka wakianza kutafuta cha kutazama saa 3 usiku, hubishana au husinzia kabla hawajakubaliana. Mkubaliane kwa ujumbe mkiwa kazini, na kama mnategemea bando la simu, pakueni mapema ili mtandao usiwakatize katikati. Tazameni kwa sauti ya chini yenye maandishi ya tafsiri chini ya skrini, au mgawane vipokea sauti vya masikioni. Zile filamu zenye sauti ya msimulizi anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya waigizaji, ambazo wengi wetu tulizizoea katika vibanda umiza, hazifai saa hizo, kwa sababu utamu wake wote umo katika sauti kubwa. Usingizi ukiwashinda katikati, simamisheni na mmalizie kesho. Filamu nzuri haiharibiki kwa kugawanywa usiku wa siku mbili, na binafsi naona mazungumzo ya asubuhi kuhusu kitakachofuata huongeza ladha yake.

Mama mwenye mtoto mchanga hana haja ya kuahirisha jambo hili. Miezi ya mwanzo, mtoto anaponyonya mara kwa mara usiku, ni wakati mzuri kuliko inavyodhaniwa, mradi skrini isimwelekee mtoto na mwanga wake upunguzwe.

Jambo ambalo sikubaliani nalo kabisa ni kuwasha filamu ya wakubwa mtoto akiwa sebuleni kwa hoja kwamba haelewi. Mtoto wa miaka 2 huenda asifuate kisa, lakini mayowe, damu na uso wa mtu mwenye hasira huviona na kuvihisi, na usiku wa manane ni wewe utakayeamka kumbembeleza. Mwongozo uleule wa mwaka 2019 unasema mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini, wa mwaka 1 haishauriwi, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mnapoishi na wazee, hili linahitaji ulimi laini. Maneno kama “Baba, wajukuu wako wakilala tu tutaiwasha” yanatosha, kwani mzee anakuwa hajanyimwa kitu, amepangiwa saa.

Kumpeleka mtoto kwenye jumba la sinema

Subiri afike miaka 4 hivi, au 3 kama ni mtulivu na ameshazoea kukaa na hadithi moja. Kabla ya hapo unalipa tiketi ya kukaa kwenye korido. Mwandae nyumbani kwa kutazama naye kipindi kifupi cha watoto kwa Kiswahili, kwa mfano Akili and Me, kinachotengenezwa Tanzania kwa ajili ya watoto wa miaka 3 hadi 6. Keti kando yake na umuulize nani kafanya nini, maana kufuatilia kisa ni jambo la kufundishwa. Siku moja kabla, msimulie kisa cha filamu mtakayoiona, hata sehemu inayotisha na namna inavyokwisha, kwa sababu mtoto mdogo hufurahia zaidi anapojua kinachokuja.

Chagua onyesho la asubuhi au la mapema mchana, lisilogongana na usingizi wake. Pendelea filamu isiyozidi dakika 90, na kabla ya kulipa angalia daraja la umri lililotolewa: nchini Tanzania kazi hiyo ni ya Bodi ya Filamu, na Kenya ni ya bodi yake ya uainishaji, inayotumia alama za GE kwa watu wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Matangazo ya mwanzo aghalabu huwa na sauti kubwa na vipande vya filamu zisizo za umri wake, basi hakuna ubaya kuingia yakiwa yanaelekea mwisho. Keti nyuma, pembeni mwa njia, mbali na spika. Kabla ya kuingia mkubaliane ni mzazi yupi atakayetoka na mtoto akilia, ili msianze kutazamana gizani. Na akisema anataka kutoka, mtoeni mara moja; mtoto aliyelazimishwa kukaa hatakubali kurudi.

Safari: pima kwa saa, si kwa kilomita

Kwa familia yenye mtoto mdogo, swali la kwanza ni mtakuwa njiani kwa saa ngapi. Chini ya saa 2 ni safari ya kujifunzia, saa 4 ni ya familia iliyokwisha kuzoea, na zaidi ya hapo igawanywe kwa kulala njiani panapowezekana.

Wakazi wa Dar es Salaam wamepata safari ya kujifunzia iliyo bora tangu Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kwenda Morogoro. Inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa na kufika kwa chini ya saa 2, ina choo ndani, mtoto anaweza kusimama na kutembea kidogo akiwa ameshikwa mkono, na hakuna foleni ya Kibaha wala Chalinze. Nauli zilizotangazwa mwaka huo na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, zilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima hadi Morogoro, nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, na bure kwa aliye chini ya miaka 4. Anayesafiri bure hupakatwa, na kwa mtoto wa miaka 3 mwenye uzito wake nakushauri ununue kiti. Fikeni stesheni mapema, kwa sababu mizigo hukaguliwa na mwendo wa kutoka lango hadi behewani ni mrefu kwa miguu midogo. Mkishaizoea hiyo, endeleeni hadi Dodoma safari nyingine, na mwambieni mtoto kabla ya kufika upande wa Kilosa kwamba treni itaingia kwenye mahandaki na nje kutakuwa giza ghafla. Akiambiwa, giza hilo hugeuka kuwa sehemu anayoisubiri kwa hamu.

Kutoka Morogoro, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi inafikika kwa gari, na barabara kuu ya kwenda Iringa inapita ndani yake, hivyo twiga, tembo na swala mara nyingi huonekana hata na aliye kwenye basi. Watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio katika hifadhi za taifa. Ingieni alfajiri, tokeni kabla ya jua kuwa kali, na msitarajie mtoto wa miaka 3 afurahie saa 6 ndani ya gari kumtafuta simba. Tembo mmoja aliyemwona vizuri kwa karibu anamtosha, na baada ya hapo anachotaka ni kucheza na mchanga.

Basi lina mambo yake, na hapa ndipo filamu na safari hukutana kwa namna inayoniudhi. Mabasi mengi ya mikoani huwasha filamu kwenye skrini ya mbele tangu yanapotoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, na zilizo nyingi ni za mapigano. Mzazi ana haki ya kuzungumza. Mfuate kondakta kabla basi halijajaa kelele, umwambie: “Kaka, samahani, nina mtoto mdogo hapa, naomba utuwekee vichekesho au nyimbo.” Mara nyingi hukubali, na abiria wengine wenye watoto hukuunga mkono. Kata tiketi mapema upate kiti cha katikati ya basi, ambako mtikisiko ni mdogo kuliko nyuma ya tairi na skrini haipo usoni.

Usimpe mtoto simu kwenye barabara ya kona. Macho yakiwa yamekaza kwenye skrini huuambia ubongo kwamba mwili umetulia, huku sikio la ndani likihisi kila mpindo, na mgongano huo wa taarifa ndio unaoleta kichefuchefu. Watoto wa miaka 2 hadi 12 huathirika zaidi ya watu wazima. Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, au kupita mlima Kitonga kuelekea Iringa, amketishe mtoto mahali anapoona mbele, amwonyeshe milima ya mbali, ampe chakula kidogo kikavu badala ya maziwa mengi, na awe na mifuko ya kutapikia karibu na mkono. Filamu ya simuni ibaki kwa saa za kusubiri: kwenye bandari, kwenye uwanja wa ndege, au gari likiharibika.

Kuhusu kuchimba dawa, usingoje dereva asimame pahala anapopataka yeye. Mtoto mdogo hajui kubana, hivyo mwombe dereva mapema na ubebe kopo lenye mfuniko. Mengine ya kubeba ni machache: kanga mbili, ambazo hufaa kuwa shuka, pazia la kunyonyeshea na mbeleko; nguo za kubadilisha zikiwa kwenye mfuko mdogo wa mkononi badala ya kwenye buti; maji safi, nepi za kutosha, chandarua, kadi ya kliniki na pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini. Kwa ndege, mnyonyeshe au mpe maji ya kunywa wakati wa kupaa na wa kutua, kwani kumeza husaidia masikio kuzibuka. Mkivuka mpaka, kila mtoto, hata mchanga, anahitaji hati yake mwenyewe ya kusafiria.

Mahali ambapo vyote viwili hupatikana

Ukitaka filamu na safari kwa pamoja, Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, huonyesha filamu usiku katika Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, kwenye ukumbi wa wazi. Kwa mzazi, uwazi huo ndio faida kubwa: mtoto akilia unatoka naye hatua chache tu hadi Forodhani, mwenzio akabaki akitazama, kisha mkabadilishana. Mtoto alale vizuri mchana, aje ameshakula, na umfunike kwa kanga atakaposinzia. Kumbuka kwamba boti ya mwendokasi kutoka Dar es Salaam huchukua saa 2 hivi, na miezi ya katikati ya mwaka upepo wa kusi huchafua bahari. Kata tiketi ya boti ya asubuhi, ambapo kwa kawaida maji huwa matulivu zaidi kuliko alasiri, na keti sehemu ya chini karibu na katikati.

Wazazi peke yao

Mtoto akishaacha kunyonya usiku, wazazi watoke wawili tu, kwanza kwa onyesho moja la sinema, baadaye kwa kulala usiku mmoja mahali pa karibu kama Bagamoyo. Abaki na mtu anayemfahamu vyema: bibi, shangazi, au dada wa kazi mliyekaa naye muda mrefu na ambaye siku hiyo atalipwa kwa saa za ziada. Mwageni mtoto waziwazi, hata kama atalia kidogo, na mmwambie mtarudi baada ya nini, kwa mfano baada ya chai ya asubuhi. Kutoroka mlango wa nyuma humfanya awe na wasiwasi kila mnapovaa viatu. Anayebaki naye aandikiwe namba za simu na kipimo cha dawa ya homa kulingana na uzito wa mtoto, na asipigiwe kila dakika 20.

Mkirudi kutoka safari, siku inayofuata isipangwe shughuli yoyote, ili mtoto arudie saa zake za kulala. Akipata homa katika wiki chache baada ya safari, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo akapimwe malaria, na mhudumu aelezwe mlikokuwa na mlilala huko siku ngapi.