Namna ya Kujitetea Unapojifungua Hospitalini Marekani

Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2023 zinaonyesha vifo vya uzazi 50.3 miongoni mwa wanawake weusi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, ilhali kwa wanawake wazungu vilikuwa 14.5. Elimu na fedha haziifuti tofauti hiyo: mwaka 2017 Serena Williams, bingwa wa tenisi mweusi wa Marekani, baada ya kujifungua, alimweleza muuguzi kwamba ana damu iliyoganda, akadhaniwa kachanganywa na dawa za maumivu, hadi kipimo kilipoionyesha mapafuni. Mama aliyetoka Bukavu au Mombasa huingia wodini humo akiwa na rangi ileile, na pengine bila Kiingereza.

Kwa hiyo omba mkalimani tangu kliniki ya kwanza. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukupatia bila malipo. Usikubali mtoto wako akutafsirie, kwani yapo mambo ambayo mama hatayatamka mbele ya mwanawe.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa ni presha, maana kifafa cha mimba huweza kumpata mama hata wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Uwe na mashine ya kupimia na daftari la kuandika tarehe, saa na vipimo. Ukiona 140 kwa 90, mpigie mkunga au daktari wako. Ikifika 160 kwa 110, nenda hospitali saa hiyohiyo. Nenda pia ukiumwa kichwa kisichotulia, ukiona maluweluwe, ukibanwa kifua, au pedi ikilowa chepechepe ndani ya saa moja.

Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba mzazi hodari havunji ukimya, na malezi hayo nayaheshimu, lakini huko kimya chako kitachukuliwa kuwa nafuu. Sema maumivu yalianza saa ngapi na yanakuzuia kufanya nini. Ukipuuzwa, uliza wamehakikishaje kwamba si kifafa cha mimba wala damu kuganda, omba kukataliwa kwako kipimo kuandikwe katika faili, kisha mwite muuguzi msimamizi wa zamu. Dada au mume unayeandamana naye ajue maneno haya mapema, kwa sababu huenda wewe ukashindwa kuyasema.

Ukirudishwa hospitali baada ya kujifungua, hata ikiwa imepita miezi kadhaa, taja tarehe uliyojifungua kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa mhudumu wa dharura asiyeijua hatakuchunguza kama mzazi.