Jinsi ya Kuhifadhi Ushahidi Mwandamanaji Anapojeruhiwa na Polisi

Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Hata hivyo, tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha jijini Nairobi walipigwa risasi za moto karibu na Bunge, na jeshi likatumwa kuwasaidia polisi. Familia inayotafuta haki baada ya siku kama hiyo huhitaji ushahidi, na ushahidi huharibika upesi.

Majeruhi apelekwe hospitali kwanza. Akifika, aeleze wazi kwamba alipigwa na polisi, wapi na saa ngapi, kisha ahakikishe daktari ameyaandika maneno hayo, kwa sababu maelezo ya siku ile ile huaminika kuliko yanayotolewa wiki mbili baadaye. Risasi ikitolewa mwilini, mwombeni daktari aiweke katika chombo kilichofungwa na kuandikwa jina la mgonjwa na tarehe, na aikabidhi kwa mpelelezi kwa sahihi. Isipitie mikononi mwa jamaa. Nguo zenye damu zisifuliwe. Zianikwe kivulini, kisha zifungwe katika mfuko wa karatasi, maana plastiki huhifadhi unyevu na kuziozesha.

Picha na video zinahitaji uangalifu zaidi. Faili ya awali ibaki kwenye simu iliyoirekodi, bila kukatwa wala kuongezwa maandishi, kwa kuwa WhatsApp hupunguza ubora wa picha na kufuta taarifa za wakati na mahali. Piga picha namba za magari, maganda ya risasi na maandishi yaliyo kwenye mikebe ya vitoa machozi. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au namba yake mahali panapoonekana, hivyo hata kukosekana kwake ni jambo la kurekodiwa. Nawasihi pia mfunike nyuso za waandamanaji wengine kabla ya kusambaza nakala yoyote. Faili ya awali ibaki kama ilivyo.

Kisha ripoti katika kituo cha polisi, upewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ya kuelezea majeraha, ambayo daktari ataijaza. Mkikataliwa, andikeni tarehe na saa, mwende kituo kingine. Malalamiko yenyewe yapelekwe kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, yaani IPOA, na shahidi anayehofia usalama wake anaweza kuomba jina lake lifichwe.

Mtu akifa, msimzike kabla ya upasuaji wa maiti, hata ndugu wakiharakisha, na ombeni daktari wa familia ahudhurie. Ushahidi wa aina hii ulikuwa na uzito mkubwa katika kesi ya mtoto wa miezi sita aliyepigwa Kisumu Agosti 2017: mwaka 2019 ndipo hakimu alipotamka kwamba polisi walihusika na kifo chake. Kwa hiyo tengenezeni nakala tatu za kila karatasi, moja ikae kwa wakili, nyingine kwa jamaa anayeishi mbali na nyumbani kwenu.