Mrehani haupendi huruma

Warumi wa kale walishika kwamba mbegu za mrehani hazichipui vizuri mpaka zimwagwe kwa matusi. Plinius, mwandishi wa Kirumi, aliliandika hilo katika karne ya 1. Mimi siamini, lakini nanung'unika kidogo nikipanda. Hasara iko wapi?

Ukishatukana, usizifukie sana. Nyunyiza udongo kiasi cha nusu sentimita juu yake, ulowe bila kutuama. Mbegu ikipata maji huvaa ute kama kamasi. Usiogope, haijaoza, ute huo ndio unaoshika unyevu. Penye joto, miche hutokeza ndani ya siku 5 hadi 10. Baridi ya chini ya nyuzi 10 hugeuza majani meusi. Mwagilia asubuhi, shinani, kwa sababu majani yanayolala na maji hukaribisha ukungu.

Sasa shika shina ulipapase: lina pembe nne, kama la mnanaa, maana ni ukoo mmoja. Majani huota mawili mawili yakitazamana, na kwenye kila kwapa la jani limelala chipukizi. Ncha ya mmea ndiyo inayozilaza kwa homoni yake. Ikate ncha, zinaamka zote mbili. Kwa hiyo mche ukifikisha jozi tatu au nne za majani, kata juu kidogo ya jozi mojawapo, na matawi yakikua rudia. Wengi huona huruma, wakachuma jani moja moja kutoka chini, wakabaki na fimbo ndefu yenye kishungi juu. Huo si ukarimu, ni kuutesa.

Maua nayo, kata mapema. Mmea ukishaanza kuzaa mbegu, majani hudogoka na kuwa machungu. Mmoja uachie nyuki na mbegu za msimu ujao.

Ulaya waliwahi kusadiki kwamba kunusa mrehani mno huzalisha nge ubongoni. Mimi nanusa kila siku. Ule ambao Wahindu huutukuza, tulsi, ni aina nyingine, Ocimum tenuiflorum. Huu wetu wa jikoni ni Ocimum basilicum. Kivumbasi naye ni binamu yao.

Vipande ulivyokata usivitupe. Chagua visivyo na maua, vya sentimita 10 hivi, ondoa majani ya chini, vitumbukize kwenye glasi ya maji penye mwanga usiochoma. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Mizizi hutoka wiki ya kwanza au ya pili. Ikifika urefu wa kidole gumba, hamishia udongoni.