Kutunza kigutu chenye nyama ya mgongoni

Mimi ni fundi cherehani. Ukikata kitambaa bila kuacha cha kukunja, pindo hulipati. Mfupa nao ni hivyohivyo. Daktari akikata mguu chini ya goti, kwa kawaida huacha nyama ya kigimbi, akaikunjia mbele kufunika mfupa. Changu kilisagwa na tairi la lori. Ama wakate juu ya goti, ama walete nyama kutoka pengine. Wakachukua msuli wa mgongoni, chini ya kwapa, wakaunga mishipa yake ya damu na ya mguuni kwa uzi mwembamba kuliko unywele, juu wakabandika ngozi ya paja. Goti likapona, na mwenye goti lake hatumii nguvu nyingi kutembea kama asiye nalo.

Siku za mwanzo kazi ni ya wauguzi, ila ndugu anayekaa kitandani naye aangalie. Nyama ikipauka na kupoa, damu haifiki. Ikiwa ya zambarau na kuvimba, damu haitoki. Aitwe muuguzi saa hiyohiyo, asingojewe daktari wa asubuhi. Sigara, hata moja, usivute, inabana mishipa.

Mama aliniwekea mto chini ya goti kwa huruma. Usikubali. Goti likizoea kukunjika, mguu wa bandia utakusumbua. Ukiambiwa uinue mguu, uinuliwe wote ukiwa umenyooka. Ukisharuhusiwa, lala kifudifudi dakika 20, mara tatu kwa siku.

Bendeji ya kuvutika usiifunge mpaka daktari aseme, maana ukibana mapema unaziba mishipa iliyoungwa. Ukiruhusiwa, funga kwa mzunguko wa namba 8, kaza kwenye ncha, legeza kadiri unavyopanda. Usizungushe duara tupu kama unayefunga gunia. Fungua na ufunge upya kila baada ya saa nne hivi, na kigutu kikianza kupwita, fungua.

Sasa lililonigharimu mimi: nyama hii haina hisia. Nilikuwa napiga pasi ya mkaa nimekaa, kigutu kikaigusa, nikajua kwa pua. Wiki sita za kidonda. Tangu siku hiyo kila jioni nakiosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu (yapime kwa mkono), nakikausha, kisha natazama chini yake kwa kioo. Ngozi iliyobandikwa haitoi jasho, hukauka na kupasuka, kwa hiyo naipaka mafuta ya mgando usiku. Asubuhi sipaki, mguu wa bandia utateleza.

Soksi ya kuvalia kigutu ndani ya mguu wa bandia iwe ya pamba, isiwe na mshono kwenye ncha. Hilo nalisema kama fundi: mshono mdogo tu kwa asiyehisi ni kidonda. Siku ya kwanza vaa mguu dakika 15, vua, tazama. Wekundu usioondoka baada ya dakika 10, rudi kwa fundi wa viungo bandia, usijitie ushujaa.

Na usishangae mguu ukianza kupwaya. Msuli uliohamishwa husinyaa miezi ya mwanzo. Changu kilikuwa kama embe, sasa kimechongoka. Ongeza soksi ya pili. Zikifika nne na bado unapwaya, dai kikombe kipya, yaani ile sehemu ya mguu wa bandia ambamo kigutu huingia.