Kupima Mwangaza wa Nyota Algol Kutoka Mlima Elgon

Vituo vikubwa vya falaki, kama vile vya Mauna Kea huko Hawaii vilivyo kwenye mita 4,205 hivi, hujengwa milimani kwa sababu kilele kama hicho aghalabu huwa juu ya mawingu, na hewa yake ni kavu na tulivu. Urefu pekee hautoshi: Ruwenzori ina mita 5,109, lakini mawingu huifunika sehemu kubwa ya mwaka. Kwa Uganda ningechagua Kapchorwa, mteremko wa kaskazini wa Elgon, ambako anga la kaskazini liko wazi juu ya tambarare, tena wakati wa kiangazi cha Desemba hadi Februari.

Anza na Algol. Hiyo ni jozi ya nyota zinazozungukana, na kila baada ya siku 2 na saa 21 hivi ile hafifu huikinga ile angavu, hivyo mwangaza hushuka kutoka daraja 2.1 hadi 3.4, kisha hurudi. Tukio zima huchukua takriban saa kumi. (Namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu.) John Goodricke, mtazamaji wa nyota wa Uingereza, alitoa dhana hiyo mwaka 1783, baada ya kuitazama kwa macho matupu, nawe huhitaji darubini.

Kaa gizani nusu saa bila kuangalia simu. Katikati ya Januari, saa mbili usiku, elekea kaskazini: Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, kitakuwa juu sana, na Algol chini yake, kushoto kidogo. Ilinganishe na nyota za jirani ambazo daraja zake zinajulikana: Mirfak (1.8), Epsilon Persei (2.9) na Kappa Persei (3.8). Ikiwa hafifu kuliko Epsilon lakini angavu kuliko Kappa, kadiria iko karibu zaidi na ipi, kisha uandike, kwa mfano, 3.2. Usitumie Rho Persei iliyo jirani, kwani nayo hubadilika.

Usiku ambao ratiba inaonyesha Algol itafifia, rudia kila baada ya dakika ishirini na uandike wakati kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Saa mbili usiku ya Uganda ni 17:00. Chama cha AAVSO cha Marekani, cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwangaza, kilichoanzishwa mwaka 1911, hupokea vipimo vya watazamaji wa kawaida, na nyakati za kufifia huwasaidia watafiti kugundua mabadiliko madogo ya mzunguko. Kwa hiyo andika ulichokiona, hata kikipingana na ratiba, na pale wingu lilipokuzuia acha nafasi wazi.